Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Vipindi wa redio ya umma: msanii atajwe jina

Ndugu Mkurugenzi,

Jumapili iliyopita, saa tatu usiku, redio yenu ilipiga wimbo wa rapa ambaye nimemfuatilia kwa miaka minne. Nilipandisha sauti mpaka mwisho. Ubeti wa kwanza ukapita, kiitikio kikaingia, na ubeti wa pili haujafika hata katikati mtangazaji akaanza kuongea juu yake. Akausifu mdundo, kisha ikaja taarifa ya habari. Msanii hakutajwa. Mtayarishaji hakutajwa. Hata wimbo wenyewe haukutajwa unaitwaje.

Nilikuwepo wimbo ule ulipokuwa unarekodiwa. Alijifungia ndani ya kabati la nguo, blanketi zito limetundikwa mgongoni mwake ili sauti isirudi na mwangwi. Ule ubeti wa pili aliurudia mara kumi na saba, kwa sababu pumzi ilikuwa inamkatikia kwenye mstari wa tano, pale anapomtaja baba yake. Mara ya kumi na saba ndipo ulipokaa sawa. Jina lake silitaji hapa kwa sababu ameniomba nisilitaje. Hataki watu walijue kwanza kupitia malalamiko.

Siandiki kumshitaki mtangazaji. Ana sikio zuri, ndiyo maana aliuchagua. Naandika kwa sababu mwenye uwezo wa kubadilisha utaratibu ni wewe.

Mimi si msanii, ni msikilizaji. Kila Ijumaa, siku ambayo tangu Julai 2015 tasnia ya muziki duniani imeitenga kwa kutoa kazi mpya, nakesha nikisikiliza hip-hop ya watu wasio na lebo, yaani kampuni ya kurekodi inayowasimamia. Nyingi hazinishiki. Zile mbili tatu zinazonishika nawajulisha marafiki, na ujumbe wangu hauachi kuwa na jina la anayechana, jina la aliyetengeneza biti, na mahali pa kuununua wimbo kwa mwenyewe. Wimbo ukizunguka bila jina, hata anayeupenda hajui amtafute nani.

Muziki huu ulikua kwa kupeana. Ile sherehe ya 11 Agosti 1973 kule Bronx, New York, inayohesabiwa kuwa mwanzo wa hip-hop, ambayo DJ Kool Herc aliipigia muziki kwenye jengo la 1520 Sedgwick Avenue, iliandaliwa na dada yake, Cindy Campbell, aliyekuwa akitafuta fedha za nguo za shule. Kwa miaka kama sita baada ya hapo hapakuwa na sahani za rap madukani. Palikuwa na kanda: mtu anarekodi sherehe, mwingine ananakili, mwingine anaipeleka mtaa wa pili. Watu waliwajua ma-MC, yaani wachanaji, kwa majina kabla kampuni yoyote haijawasikia.

Na redio isiyo ya biashara inaweza kufanya kazi hiyo hiyo, tena kwa upana zaidi. Kuanzia 1990 hadi 1998, DJ Stretch Armstrong na Bobbito García waliendesha kipindi kwenye WKCR, redio ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kuanzia saa saba usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Waliwafungulia maikrofoni vijana wasio na mkataba. Nas na Notorious B.I.G., marapa waliokuja kuwa maarufu, walipita pale kabla ya albamu zao za kwanza, ambazo zote zilitoka 1994. Wasikilizaji waliacha kaseti zikirekodi wakiwa wamelala, asubuhi wakapeana. Hebu fikiria, Ndugu Mkurugenzi: studio ya wanafunzi, saa ambayo hakuna aliyeigombea.

Utaniambia siku hizi kuna intaneti, kila mtu anaweza kujisikilizisha. Ni kweli, kupakia wimbo ni rahisi. Kulipwa ndiko kugumu. Tangu 2024, Spotify, jukwaa la kusikiliza muziki mtandaoni, hailipi mirabaha ya rekodi (malipo ya mwenye rekodi kila inaposikilizwa) kwa wimbo ambao haujasikilizwa angalau mara 1,000 katika miezi 12 iliyotangulia. Kijana anayeanza, ambaye wimbo wake umesikilizwa kweli mara 900 katika muda huo, mapato ya rekodi ya wimbo huo hapo ni sifuri. Akiuza mwenyewe kupitia Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni ambalo kwa kawaida hukata 15% ya mauzo ya nyimbo, wanunuzi thelathini tu humwachia kitu cha kushika mkononi. Lakini hao thelathini watatoka wapi kama redio imepiga wimbo na hawakusikia ni wa nani?

Kuna na hasara ya pili, isiyoonekana. Taasisi za mirabaha hugawa fedha kwa kutazama orodha za nyimbo zilizopigwa. Wimbo ulioandikwa nusu nusu hautambuliki, na fedha yake mara nyingi huishia kugawiwa wale ambao majina yao tayari yamo.

Ufaransa iliamua kulitungia sheria jambo hili. Kuanzia 1 Januari 1996 redio zilitakiwa kupiga angalau 40% ya nyimbo za Kifaransa, na nusu ya hizo ziwe za vipaji vipya au kazi mpya. Rap ya huko ilipata mlango, ikaingia. Mimi siombi sheria. Naomba saa moja kwa wiki, wakati ambao watu wako macho, kwa wasanii wasio na lebo. Naomba anwani moja ya barua pepe ambayo msanii atatuma kazi yake bila kumlipa mtu yeyote ili isikilizwe. Na kwa kila wimbo, saa hiyo na saa nyingine zote, jina la msanii na la mtayarishaji lisemwe hewani na liandikwe kwenye orodha pamoja na ISRC, ule msimbo wa alama 12, herufi na tarakimu, unaoitambulisha rekodi. Hili la mwisho halihitaji hata bajeti.

Kwa ruhusa ya mwenyewe, nimeacha wimbo wa Jumapili kwenye mapokezi ya ofisi yako, na bahasha ina majina yote na msimbo wake. Ukipigwa tena, tafadhali ubeti wa pili uachwe mpaka uishe.

Wako,
Msikilizaji wa Jumapili usiku