Mume wangu anataka tuhamie Dodoma, ila kuna kitu kinanishika Dar

Bwana Yesu asifiwe dada, na nyie wapendwa mnaosoma. Naomba mnivumilie maana sijazoea kuandika marefu, na hili jambo sijamwambia mtu yeyote, hata mama yangu mzazi. Naandika usiku watoto wamelala.

Mimi ni mama wa miaka 41, Mmoravian, kwetu ni Rungwe. Nilikuja Dar 2006 kujifunza kushona kwa shangazi na tangu hapo sijaondoka. Tunaishi Kimara, tumepanga. Nina fremu nashona sare za shule, cherehani 3 na ovaloki moja, na wasichana 2 ninaowafundisha kazi. Mume wangu ni mtumishi wa serikali, yuko wizarani. Mnakumbuka 2016 Rais Magufuli alipotangaza kwamba safari hii serikali inahamia Dodoma kweli. Watu wengi hatukuamini, maana uamuzi wenyewe ni wa 1973, watu wamezaliwa mpaka wameota mvi wanausikia tu. Mume wangu mwenyewe alisema mwaka mmoja miwili litasahaulika. 2017 akapewa barua yake, akaondoka na begi moja na godoro, tukakubaliana atangulie mi nitafuata na watoto mambo yakishakaa sawa.

Sasa ni mwaka wa 8.

Miaka yote hiyo alikuwa anakuja mwisho wa mwezi kwa basi, anatoka kazini Ijumaa anafika usiku miguu imevimba, Jumapili mchana anageuza. Na mimi kila mwaka nilikuwa na sababu. Mara binti ndo kaanza shule amezoea walimu, mara huyu mdogo bado ananyonya, mara maji ya Dodoma ni ya mgao, mara Januari ndo msimu wangu wa sare siwezi kuacha wateja, mara mimi ni mweka hazina wa kikoba na watu wana marejesho hawajamaliza. Kwaya pia. Na zote zilikuwa za kweli wapendwa, sikumdanganya hata moja, ndo maana hata mwenyewe niliziamini.

Sababu kubwa ilikuwa umbali. Nilikuwa namwambia Dodoma mbali, nikihamia huko Dar itakuwa imekufa kwangu. Basi 2024 treni ya umeme ikaanza kwenda mpaka Dodoma, nauli 31,000 na masaa yasiyozidi manne umefika. Mume wangu alifurahi sana, akanipigia akasema unaona sasa, hata ukihama unaweza kuamkia Dar ukarudi kulala nyumbani. Mi nikamjibu, kama treni ipo basi ya nini kuhama, si utakuwa unakuja hata kila wiki. Alinyamaza kwenye simu muda mrefu, alafu akaaga. Ule ukimya wake mpaka leo nausikia. Maana kile kitu nilichokuwa nakiita kizuizi Mungu alikiondoa, na mimi palepale nikakigeuza kuwa sababu nyingine ya kubaki.

Mwezi wa tatu mwaka huu presha ilimpanda usiku, yuko peke yake. Jirani ndo alimsikia anagonga ukuta akamkimbiza hospitali saa 8 usiku, mimi nimepigiwa simu asubuhi. Nilifika mchana nikamkuta amekaa kitandani, ndevu hazijanyolewa, anakula uji wa jirani. Hakunilaumu wala nini. Aliniambia tu, mke wangu sikulazimishi, ila nimechoka kula peke yangu.

Likizo ya mwezi wa sita nikaenda na watoto tukakaa wiki 3. Amejenga Nzuguni, ameshapaua na vyumba viwili vimekamilika. Upepo na vumbi vipo kama nilivyoambiwa, na yale maji yanakuja kwa siku zake kweli, lakini amenunua tanki kubwa. Kapanda na mzabibu uani, anaumwagilia maji aliyoogea. Alafu akanipeleka mbele ya nyumba akanionyesha chumba kinachotazama barabara, kina dirisha kubwa na soketi 4, akasema hapa ni kwa ajili ya cherehani zako, nimehesabu na ya ovaloki. Nilishindwa kusema kitu. Binti yetu mwezi wa tisa anafanya mtihani wa la saba, kwa hiyo anasema Januari aanzie kidato cha kwanza kulekule, na huyu mdogo ahamishwe palepale, yani mambo yote yanaangukia pamoja. Hata mwenye nyumba hapa Kimara anataka kodi ya miezi sita ifikapo Desemba. Mtu akiniambia Mungu amefungua njia sina cha kumbishia.

Sasa nifike penyewe.

Siku ya pili kule Nzuguni mama mmoja jirani alikuja kunisalimia na bakuli la karanga, mama mzuri tu mcheshi, akaniambia karibu sana mama fulani, akataja jina la binti yangu. Kule wote wanamwita mume wangu baba fulani, kwa jina hilohilo la binti. Nikaitikia, nikacheka naye, alipoondoka nikaingia bafuni nikafungulia bomba nikalia.

Kwa sababu binti sio mtoto wangu wa kwanza. Wa kwanza alikuwa wa kiume, alifariki Novemba 2012 akiwa na miaka 2, kwa malaria, mimi nikiwa na mimba ya huyu binti. Jina lake sitaliandika. Huku Kimara mpaka leo naitwa mama wa jina lake, sokoni, kanisani, mwenye nyumba, hata hawa wasichana wa fremu ambao hawakumuona. Mtu akiniita anamtaja yeye, kila siku mara hamsini anatajwa. Nikienda Dodoma hakuna hata mmoja atakayelijua hilo jina.

Na kaburi lake liko hapa Dar. Sisi Wamoravian alfajiri ya Pasaka tunaenda makaburini kabla jua halijatoka, tunaimba, tunatangaza kwamba Bwana amefufuka. Tangu 2013 sijakosa hata mwaka mmoja. Naenda Jumamosi kufagia na kupaka chokaa, Jumapili saa kumi na moja nipo pale na wenzangu wa kwaya, na ndo asubuhi pekee kwenye mwaka mzima ambayo naimba naamini kila neno linalotoka mdomoni. Na makaburi ya Dar mnayajua yanavyojaa, kaburi likikosa wa kulifagia misimu miwili ya mvua hulioni tena.

Hii ndo sababu. Sio maji wala sio msimu wa sare.

Na kuna lingine chini yake ambalo ni gumu zaidi kusema. Wakati mwanangu anaumwa wapendwa walikuja kuomba, wakaniambia amini tu, ukiamini atapona. Dada nikaamini. Sikuamini kwa mdomo, niliamini mpaka nikamfulia na kumpigia pasi nguo za kutokea hospitali. Akafariki saa kumi alfajiri. Baada ya msiba kuna mtu akasema imani ya mama ilipungua. Alimwambia mtu mwingine, ila maneno yakanifikia. Mimi sikumuacha Mungu, naimba alto, natoa ahadi yangu, nafunga na kanisa likifunga. Lakini tangu siku ile nimekuwa mtu wa kumwomba Mungu vitu vidogo, nipate oda, mtoto afaulu, umeme usikatike nina kazi ya watu. Kikubwa sijamwomba tena. Naogopa kumpa nafasi ya kunikatalia mara ya pili. Ndo maana mume wangu akisema tumtumaini Mungu tuhame naitikia amina, ila ndani mlango nimeufunga.

Mwezi uliopita kuna mhubiri alikuja akahubiri juu ya mke wa Lutu, kwamba mkristo anayeng'ang'ania yaliyopita anageuka nguzo ya chumvi, Mungu anataka watu wa kusonga mbele. Watu walishangilia sana. Mi nilikaa pale nimeinama kama vile amenitaja mimi. Nilivyorudi nyumbani nikasoma mwenyewe, na naomba mnisamehe kama nakosea, Biblia haijaeleza yule mama aligeuka kutazama nini. Wote tunasema ni mali na anasa za Sodoma. Labda ni hivyo. Lakini kama alikuwa na mtu wake amebaki kule?

Nikaendelea kutafuta, nikafika kwenye Raheli, Mwanzo 35. Wako safarini, Raheli anajifungua kwa shida anafariki, wanamzika njiani kuelekea Bethlehemu, Yakobo anasimamisha nguzo juu ya kaburi. Alafu mstari unaofuata unasema akasafiri, akapiga hema mbele zaidi. Basi. Mstari mmoja tu, na huyu ndo mke ambaye Yakobo alitumika miaka kwa ajili yake. Nimeusoma huo mstari sijui mara ngapi. Haisemi alilia siku ngapi, haisemi kama alikuwa anarudi kufagia. Nataka kujua alfajiri ya siku ile alivyofunga mizigo kwenye ngamia mikono yake ilikuwaje. Yusufu naye aliwaapisha ndugu zake mifupa yake isibaki Misri, na Musa alipotoka aliibeba kweli. Kwa hiyo hata Mungu alipokuwa anawahamisha watu wake hakuwaambia wajifanye hawana marehemu. Hilo lilinipa nguvu kidogo, lakini mimi siwezi kubeba kaburi kwenye treni.

Najua wengine mtasema mke anamfuata mume, wewe uendako nitakwenda. Hilo nalijua, ila maneno hayo Ruthu alimwambia mama mkwe wake, na aliyasema kwa hiari yake akiwa ameshamzika mume wake kulekule Moabu. Naye aliacha kaburi. Mimi nataka nikienda niende kama yeye, sio nipelekwe kama kabati halafu nikae Nzuguni mwili tu.

Kinachoniumiza zaidi nimekiona juzijuzi. Mume wangu siku ya mazishi alilipakata lile jeneza dogo mwenyewe kwenye gari, hakutaka mtu mwingine alishike. Kila Pasaka anakuja, anasimama nyuma yangu, hasemi kitu. Na huyu baba kule Dodoma wanamwita baba wa binti huu mwaka wa 8, jina la mwanae wa kwanza hakuna anayemwita nalo isipokuwa akija huku, na kwenye simu mimi na yeye bado tunaitana kwa jina la mtoto. Sijawahi kumuuliza anajisikiaje. Mimi nilikuwa nafikiri msiba ni wangu, yeye amepona.

Kwa hiyo naomba ushauri, hasa kwa waliozika mtoto, na waliohama wakaacha mtu wao ardhini. Mlijuaje kwamba huku ni kumngoja Mungu na huku ni woga umevaa nguo za maombi? Mimi nimesema nasubiri amani ya moyoni miaka 8, sasa naanza kufikiri labda hiyo amani haiji ukiwa umekaa, labda inakutana na mtu akiwa ameshapanda treni, sijui. Na je mtu aliyemwamini Mungu kwa kitu kikubwa akakosa anaanzaje tena? Mnisaidie kwa yaliyowakuta nyie, mistari ninayo mingi.

Jambo la mwisho ni la haraka. Ijumaa hii mume wangu anakuja na treni ya jioni. Nataka nimwambie ukweli kabla sijasema naenda au siendi, kwamba sio maji wala cherehani. Lakini tangu 2012 mimi na yeye hatujawahi kukaa tukamzungumzia huyu mtoto hata nusu saa, na presha yake ndo hivyo tena, naogopa. Naanzia wapi? Nimpikie kwanza tule, au nimpeleke makaburini Jumamosi asubuhi tukiwa wawili tu niseme palepale?

Mama wa Kimara, Dar es Salaam