Barua ya wazi kwa wanawake wa dagaa, Mwaloni Kirumba, Mwanza

Wanangu wa Mwaloni, na wenzenu mnaoanika dagaa Igombe na visiwani,

Salaam. Nawaandikia kuhusu lile tumbo la hedhi linalomlaza mtu chini, ambalo mnaambiwa ni chango na kwamba litaisha ukizaa. Wapo waliozaa watatu na bado linawakunja. Huenda ni endometriosisi, yaani nyama inayofanana na utando wa ndani wa mfuko wa uzazi, ila imeota nje yake: kwenye ovari, nyuma ya mfuko, kwenye utumbo au kibofu. Kila mwezi inavimba kwa kufuata homoni, na makovu yake huweza kugandisha viungo. Shirika la Afya Duniani linakadiria inampata takriban mwanamke 1 kati ya 10 wenye umri wa kuzaa. Hesabuni wenyewe mko wangapi kwenye chanja moja ya kuanikia.

Mnapokwama ni hapa: mtu anafika kituoni, anasema "tumbo linauma", anapewa antibayotiki za PID (maambukizi ya mfuko wa uzazi na mirija) au UTI (maambukizi ya njia ya mkojo). Mwezi ujao anarudi na tumbo lilelile, anapewa nyingine. Ukiandikiwa tena bila kipimo kuonyesha maambukizi, sema kwa adabu: "Daktari, naomba tuangalie na endometriosisi." Ultrasaundi ikitoka safi, usikubali kuambiwa huna kitu. Inaona uvimbe wa damu kwenye ovari. Vidoa vidogo mara nyingi haivioni. Daktari anaweza kuanza kukutibu kwa dalili tu, bila kusubiri upasuaji.

Ila dalili hizo mletee zimeandikwa. Nunua daftari dogo. Kwa miezi 3 andika tarehe damu ilipoanza, maumivu kwa alama 0 hadi 10, dawa uliyokunywa na saa, siku ulizoshindwa kazi, na kama uliumia ukienda haja kubwa, ukikojoa au kwenye tendo la ndoa. Hilo la mwisho wengi mnalimeza kwa aibu, na ndilo daktari analolihitaji sana. Damu kwenye choo au mkojo nayo iandike: ikija na hedhi tu ni ishara kubwa, lakini sisi wa ziwani tupime na kichocho. Wiki ya mbalamwezi, mitumbwi ikiwa imepaki, ndiyo ya kwenda kliniki; mkipewa rufaa, hospitali za Sekou Toure na Bugando zina madaktari wa wanawake.

Kuhusu dawa, wengi mnachelewa. Ibuprofeni huzuia kemikali inayoleta maumivu isitengenezwe, kwa hiyo ukisubiri mpaka ujikunje, imeshatengenezwa. Anza siku moja kabla au dalili ya kwanza tu: miligramu 400 kila baada ya saa 8, baada ya kula, siku 2 au 3. Usiichanganye na diklofenaki. Ni za ukoo mmoja, zitachubua tumbo. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu au mimba asiiguse kabla ya kumuona daktari.

Sindano ya miezi 3, kijiti na vidonge vya majira si vya uzazi wa mpango tu, hutuliza ugonjwa huu. Vidonge daktari anaweza kukuelekeza uruke vile 7 vya kahawia visivyo na homoni na kuanza pakiti mpya, ili hedhi isije kabisa. Matone ya damu miezi ya mwanzo ni ya kawaida. Mwenye presha, au kipandauso cha kuona vimulimuli, aseme mapema. Anayetafuta mtoto naye aseme, kwani baada ya sindano mimba inaweza kuchelewa hata mwaka.

Maumivu ya ghafla ya upande mmoja, kuzimia, au hedhi iliyochelewa ikifuatiwa na tumbo kali: hospitali siku hiyohiyo. Inaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya mfuko.

Kazini, inueni chanja zifike kiunoni, kwa sababu kuinama mchangani kutwa kunalichokoza tumbo. Ndoo ijazwe nusu. Chupa ya maji ya moto izungushieni khanga, dakika 20 tu. Ikigusa ngozi wazi inaunguza.

Na kikundi kipange zamu. Mwenye daftari anazijua siku zake mbaya mapema, basi atangaze kabla, dagaa zake zigeuzwe na wenzake, naye arudishe zamu akipata nafuu. Isiwe hisani ya kuombwa alfajiri, mtu ameshajikunja.

Bibi yenu,
Kirumba