Barua kwa mwanangu: nenda ukavione vyuo vingine

Mwanangu mpendwa,

Huna sababu ya kumficha baba yako simu za makocha wengine. Naanza na hilo maana ndilo linalonikosesha usingizi, kukuona ukitoka nje ya nyumba kila simu inapoita. Baba yako anajua. Makocha wa futiboli ya Kimarekani katika vyuo vya hapa Marekani wanajuana, wanakutana kila Januari kwenye mkutano wao mkuu, na kwotabeki wa miaka 17, kiongozi wa mashambulizi anayerusha mpira kama unavyourusha wewe, hafichiki. Habari anazo. Anachongoja ni kuzisikia kutoka kinywani mwako.

Nakuandikia mimi kwa sababu yeye hayuko huru kukushauri katika jambo hili. Ni baba yako, lakini pia ni kocha mkuu mwenye timu ya chuo inayotafuta kwotabeki. Usajili huu ni posa, mwanangu. Washenga wanamiminika na maneno matamu, kila mmoja anasifu nyumba yake, na mmoja wa waposaji analala chini ya paa moja na wewe. Mshauri wako wa kawaida leo ni mmoja wa wanaokutaka. Kwa hiyo mimi nisiyetaka kwotabeki wa mtu yeyote ndiye ninayeweza kusema.

Na ninachosema ni hiki: nenda ukavione vyuo vyote vilivyokualika, kwa moyo mweupe, kisha baba yako mpime kwa kipimo kilekile utakachowapimia wengine. Ukimchagua, mchague kama kocha. Ubaba wake unao tayari, hauendi popote.

Nataka umjue vizuri kocha Jim Harbaugh. Wewe unamjua yule aliyetwaa ubingwa wa taifa na Chuo Kikuu cha Michigan Januari 2024. Mimi namtaka yule kijana wa umri wako. Baba yake, Jack Harbaugh, alikuwa kocha msaidizi chuoni hapo miaka ya 1970, chini ya kocha mkuu Bo Schembechler, na Jim alikulia pale Ann Arbor, mji chuo kilipo. Baadaye Jack akahamia Stanford, California. Mwaka 1982, mwaka uleule Jim alipomaliza sekondari Palo Alto, Jack alikuwa ameshakabidhiwa timu yake mwenyewe, Western Michigan, mjini Kalamazoo. Baba ana timu, mtoto ni kwotabeki. Mtoto akaenda Chuo Kikuu cha Michigan, jimbo lilelile, mwendo wa chini ya saa mbili kwa gari kutoka ofisini kwa baba yake. Huko alikaa benchi, akavunjika mkono mwaka 1984, akarudi uwanjani, na mwaka 1986 akawa wa tatu katika kura za Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa futiboli ya vyuo. Baada ya msimu huohuo wa 1986, Jack akaondoka Western Michigan. Hebu fikiri kama mtoto angekuwa pale.

Yaliyofuata ndiyo ninayoyapenda zaidi. Jack alikuja kuwa kocha mkuu Western Kentucky, chuo ambacho futiboli yake ilikaribia kufutwa kabisa kwa kukosa fedha. Jim wakati huo alikuwa anacheza NFL, ligi ya kulipwa. Akajiandikisha kuwa kocha msaidizi asiyelipwa hata senti, akawa anazunguka kumtafutia baba yake wachezaji. Mwaka 2002 Western Kentucky ikatwaa ubingwa wa taifa wa daraja lililokuwa likiitwa I-AA, ikiwa na vijana ambao Jim alisaidia kuwasajili. Sijui kama kuna mtu anayeweza kuyatazama maisha ya watu wale wawili akasema kijana alimtupa baba yake alipokwenda Ann Arbor.

Derek Dooley naye vivyo hivyo. Baba yake, Vince, alikuwa kocha mkuu wa Georgia tangu 1964 hadi 1988, bingwa wa taifa wa 1980. Derek akaenda Virginia, tena bila ufadhili wa masomo, akapigana mpaka akaupata.

Wapo waliobaki na baba zao, na hawakukosea. Wana watatu wa kocha Dabo Swinney wote walivaa jezi ya Clemson. Wana wa kocha Kirk Ferentz walicheza Iowa, na James akafika hadi NFL. Lakini angalia nafasi walizocheza. James alikuwa senta, yule wa mstari wa mbele anayemkabidhi kwotabeki mpira, mtu ambaye mashabiki wengi hawamkumbuki jina mpaka akosee. Kwotabeki ni habari nyingine. Nafasi nyingi kocha anaweza kuzungusha wachezaji wawili watatu katika mechi moja; kwotabeki ni mmoja, na walioko nyuma yake wana wazazi jukwaani. Siku utakayorusha pasi mbili mikononi mwa wapinzani, hawatasema kijana ameamka vibaya. Watasema kapewa namba kwa sababu ni mtoto wa kocha. Na siku utakayocheza vizuri, wapo watakaosema mfumo mzima ulitengenezwa kwa ajili yako.

Umeyaona kwa Shedeur Sanders. Alikuwa ameahidi kwenda Florida Atlantic, baba yake Deion akapata timu ya Jackson State, Mississippi, kijana akamfuata. Desemba 2022 Deion akahamia Colorado, kijana akahama naye. Alicheza vizuri sana, hilo hakuna wa kulibisha. Lakini Aprili 2025, timu za NFL zilipochagua wachezaji wapya kwa zamu, wengi wakiwa wamemtabiria raundi ya kwanza, aliitwa raundi ya tano, mchezaji wa 144. Kwa nini ilikuwa hivyo, kila mtu na lake, nami siwezi kuingia vyumba vya timu za NFL. Ninachojua ni kwamba katika mabishano yale yote jina la mtoto halikutajwa peke yake hata mara moja, lilitajwa pamoja na la baba. Ukichagua kubaki hapa, beba na hilo. Wewe una mabega, unaweza kulibeba, ila lazima ulione kabla ya kutia sahihi.

Jambo lingine, na hili baba yako hawezi kulitamka mezani: ukocha hauna mizizi. Umezaliwa mji mmoja, umeanza shule mji mwingine, na unajua sababu. Kocha akipoteza misimu miwili mfululizo huanza kufungasha. Ukiwa mchezaji wake na chuo kikamwondoa, siku moja utapoteza kocha, na nyumba yetu itauzwa, na bado utatakiwa asubuhi yake uende mazoezini kwa watu waliomfukuza baba yako. Kanuni huwapa wachezaji nafasi ya pekee ya kuhama kocha mkuu anapoondoka, lakini kuwa na mlango si sawa na kuwa na pa kwenda.

Sasa kuhusu hizo ofa. Hizi zote ulizopewa ni maneno ya mdomo. Hazikifungi chuo, na ukikubali kwa mdomo hujafungwa wewe pia, ingawa sitaki uwe mtu wa kutoa neno lake Jumatatu na kulirudisha Ijumaa. Kinachofunga ni karatasi itakayotiwa sahihi Desemba, dirisha la usajili wa mapema linapofunguliwa. Ile hati ya zamani ya kujifunga na chuo, waliyotia sahihi binamu zako, NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, iliifuta Oktoba 2024. Siku hizi unatia sahihi mkataba wa ufadhili wenyewe. Usome wote. Unanisomea mimi kwa sauti, ukurasa kwa ukurasa, hata kama kocha wao amekaa sebuleni anasubiri.

Hesabu za nafasi pia zimebadilika. Zamani timu ya daraja la juu ilikuwa na ufadhili 85, na juu ya hao ikawachukua vijana wengi waliojilipia. Tangu makubaliano ya kesi ya wanamichezo dhidi ya NCAA yaliyoidhinishwa na mahakama Juni 2025, vyuo vilivyoingia katika mpango huo vina kikomo cha wachezaji 105, basi, awe analipiwa au anajilipia. Kila jina ni nafasi inayohesabiwa. Kwa hiyo ile njia ambayo watoto wa makocha waliizoea, kuingia timu ya baba bila ufadhili huku chuo kikiwapunguzia karo kwa kuwa mzazi ni mfanyakazi, imekuwa nyembamba. Baba yako akikupa nafasi, kuna kijana wa watu ameikosa. Ni vema ujue kwamba ulistahili.

Nakupa mfano wa mpira wa kikapu, uniwie radhi. Doug McDermott alikuwa ameshajisajili Northern Iowa wakati baba yake, Greg, anafundisha Iowa State. Mwaka 2010 Greg akaenda Creighton, Doug akaachiwa amfuate. Ilipofika mwaka wake wa mwisho, msimu wa 2013 na 2014, mwenzake mmoja akaruhusiwa kurudi kwa mwaka wa sita na ufadhili ukawa hautoshi. Doug, mchezaji bora wa timu ile, akaachia ufadhili wake na akacheza kama mwanafunzi anayejilipia. Mtoto wa kocha akifanya hivyo, chumba chote cha kubadilishia nguo kinamheshimu. Ukibaki na baba yako, nataka uwe wa namna hiyo.

Fedha nisiziruke, maana najua rafiki zako hawazungumzi kingine. Tangu Julai 2021 mwanamichezo wa chuo anaruhusiwa kulipwa kwa jina na sura yake, na tangu Julai 2025 chuo chenyewe kinaweza kuwalipa wanamichezo wake, kwa michezo yote pamoja, kwa kikomo kilichoanza na takriban dola milioni 20.5 kwa mwaka ule wa kwanza. Chuo cha baba yako hakina mfuko huo. Ukikuta mahali wanakupa zaidi, usione aibu kuzitaja hizo fedha mbele ya baba yako. Ni kazi, na kazi ina ujira. Lakini zinakatwa kodi, na mara nyingi hakuna mwajiri wa kukukatia mapema, unadaiwa wewe mwenyewe baadaye. Yeyote atakayekutajia kiasi bila kutaja kodi, mwongeze swali moja.

Mjomba wako akikupigia kutoka Tanga akakuambia mtoto hufuata kazi ya baba yake, msikilize kwa adabu. Ana mapenzi. Lakini mkumbushe mwanariadha Suleiman Nyambui. Nilipokuwa msichana, nyumbani lilitajwa jina lake kila mtu alipozungumzia vijana wetu waliosajiliwa na vyuo vya Marekani. Alikuwa mkimbiaji wa UTEP, Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso, mbali kabisa na Mara kwao, na mwaka 1980 akaiwakilisha Tanzania Moscow na kuleta medali ya fedha ya mita 5,000. Baadaye akarudi kuwafundisha vijana wa nyumbani. Mjomba wako mwenyewe ndiye aliyekuwa akitusimulia mbio zile.

Sasa nikuambie la kufanya. Wiki hii mpigie katibu muhtasi wa baba yako, uombe miadi kama anavyoomba kijana yeyote. Nenda ofisini kwake, vaa vizuri, kaa kwenye kiti cha mgeni. Mwulize: Una makwotabeki wangapi, na wa mwaka gani? Utaleta mwingine Januari kutoka kwenye orodha ya wanaohama? Mkataba wako unaisha lini? Mratibu wa mashambulizi atakuwepo nikifika? Ukiona mwenzangu ananizidi, utaniweka benchi, na nani atakayeniambia, wewe au msaidizi wako? Maswali hayohayo uyabebe kwa makocha wengine wote. Nataka umsikie akikujibu kama kocha. Nafahamu majibu mengine yatakuchoma, maana hadanganyi wachezaji wake, na sidhani ataanza na wewe.

Na usishtuke ukikuta Juni amewakaribisha makwotabeki wengine wawili chuoni kwake. Kazi yake inamtaka hivyo. Anakupenda na anawatafuta, yote mawili kwa siku moja. Kwa hiyo na wewe tafuta.

Ziara zako mimi ndiye nitakayekwenda nawe, kwa kuwa wikendi zile yeye atakuwa na wageni wake. Katika ziara rasmi, chuo kinachotualika ndicho kinacholipa nauli na malazi, kwa hiyo usikatae hata moja kwa kuogopa gharama. Mimi nitataka kuonana na mwalimu wa masomo yako na daktari wa timu, wewe kaa na wachezaji, hasa wale ambao hawachezi. Wana mengi ya kusema. Jibu zile barua pepe mbili kabla ya Jumapili, uwaambie tunakuja watu wawili. Kisha mwambie baba yako tarehe, leo usiku, akishamaliza kula.

Mungu akuongoze.

Mama yako