Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Shahamu, Zamu na Ada

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu, ninawajibika kuwasomea taarifa ya kazi za chama chetu cha kutengeneza sabuni kwa mwaka unaoisha leo. Nawashukuru mliofika. Akidi imetimia kwa taabu, baada ya Katibu kupiga simu hadi asubuhi hii, na hilo nitalirudia.

Shughuli za kawaida mnazijua, kwa hiyo nitazipitia haraka. Mafunzo ya wanachama wapya yalifanyika. Mizani inayosoma gramu moja moja imenunuliwa, glavu na miwani ya kinga zimeongezwa. Sufuria za alumini zimeondolewa jikoni zote, maana kostiki soda, ile dawa kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, huila alumini na kutoa haidrojeni, gesi inayoshika moto. Kostiki yenyewe sasa inakaa kwenye vyombo vya plastiki vyenye vifuniko vya kukaza, kwa kuwa ikiachwa wazi hufyonza unyevu na hewa ya ukaa ikapungua nguvu. Maonyesho tulishiriki, na waliokuwepo waliona.

Sasa nije kwenye jambo ambalo najua ndilo lililowaleta wengi wenu: uamuzi wa Kamati wa kuacha kununua mafuta ya wanyama yaliyokwisha kuyeyushwa na watu wengine, na badala yake kununua shahamu mbichi, yaani mafuta magumu ya mnyama kabla hayajayeyushwa, buchani na kuiyeyusha wenyewe. Uamuzi huu umesemwa mengi. Umeitwa ubabe wa Mwenyekiti. Muhtasari wa kikao uko kwa Katibu, yeyote anaweza kuusoma: hoja niliileta mimi, ndiyo, lakini wajumbe waliijadili, wakaipigia kura, ikapita.

Mnaikumbuka ile miche ya sabuni iliyotoka na vitundu vya maji ndani, ikawasha mikono ya walioitumia. Lawama zilimwangukia aliyepima kostiki siku ile, na hiyo ndiyo hoja ya kwanza ya wapinzani. Mimi sikukubali. Niliomba ndoo ya mafuta yaliyobaki ikung'utwe mezani, na waliokuwepo waliona. Upande wa juu ulikuwa mweupe, mkavu, mzuri kabisa. Upande wa chini ulikuwa na tabaka la kijivu lenye utelezi, maji yaliyonaswa, na nyuzi za nyama zilizoanza kunuka. Tulikuwa tumelipia maji kwa bei ya mafuta.

Naomba tufanye hesabu pamoja, kwa sababu wanaopinga hawajawahi kuifanya. Gramu moja ya mafuta ya ng'ombe huhitaji takribani gramu 0.14 za kostiki ili igeuke sabuni yote. Gramu 1,000 basi huhitaji 140. Sisi hupunguza asilimia 5 ili yabaki mafuta kidogo ya kulainisha ngozi, tukaweka 133. Lakini kama katika hizo 1,000 kuna maji gramu 100, mafuta halisi ni 900, na hayo yanahitaji 126 tu. Gramu 7 za kostiki zinabaki bila mafuta ya kuungana nayo, na kwenye ngozi ya mtu ndiko zinakokwenda kuyatafuta. Mpimaji wetu hakukosea hata gramu moja. Nilimtetea siku ile na ninamtetea leo mbele yenu.

Hoja ya pili ya wapinzani ni kwamba tunajisumbua bure kuuliza mafuta ni ya mnyama gani, kwa kuwa kiwango cha kostiki cha nguruwe na cha ng'ombe ni karibu kilekile. Hilo la kiwango ni kweli, wala silikatai. Lakini anayenunua sabuni hanunui hesabu. Wapo wasiogusa nguruwe kwa imani yao, na wapo wasiotaka mnyama wa aina yoyote. Mtu akiniuliza hii ni ya nini, nikamjibu "ni mafuta tu", nimemdanganya. Muuzaji wa ndoo zile tulipomuuliza alitaja ng'ombe. Tulipomuuliza mara ya pili akasema ni ya mchanganyiko. Mimi siwezi kuweka jina la chama kwenye mche ambao mnyama wake simjui.

Na tusisingiziane kwamba Mwenyekiti amepiga marufuku nguruwe. Sijafanya hivyo. Mafuta ya nguruwe ni mafuta ya heshima katika kazi hii. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyetufumbulia kwamba mafuta yameundwa na asidi za mafuta zilizoshikana na gliserini, alianza uchunguzi wake mwaka 1811 kwa sabuni iliyotengenezwa na mafuta ya nguruwe, na matokeo yake yote akayachapisha mwaka 1823. Kilichoamuliwa na Kamati ni hiki: nguruwe ana sufuria zake, visu vyake, chujio lake na rafu yake, vyote vimewekwa alama, na kila mche unaotoka hapa unaandikwa mnyama wake. Anayeona hilo ni ubaguzi, aje tuongee.

Tatu, gharama. Ni kweli kwamba shahamu mbichi ikiyeyushwa hairudi yote. Ile ya kuzunguka figo, ambayo ndiyo ngumu, nyeupe na safi kuliko zote, huacha makapi kiasi. Ile inayokatwa kutoka kwenye nyama, yenye ngozi na mishipa, huacha zaidi. Lakini tunachobaki nacho ni mafuta kweli. Wauza nyama wengi wako tayari kukuwekea ukiwaambia mapema kwamba unataka ya figo, haijatiwa chumvi wala kiungo. Ya kondoo nayo ni nzuri na ngumu zaidi, ila harufu yake haiondoki kirahisi. Ile mliyokaangia chakula msiniletee tena. Imekwisha kuungua, ina chumvi na masizi, na sabuni yake hutoka madoa ya rangi ya chungwa na harufu iliyochacha ambayo manukato hayaifichi.

Kwa kuwa nimesikia wengine wakisema kuyeyusha ni kazi ya kubahatisha, naeleza tena utaratibu niliouanzisha. Shahamu inakatwa vipande vidogo sana ikiwa bado ya baridi, au inasagwa. Inaingia sufuria ya stili pamoja na maji na chumvi kidogo, moto mdogo, bila haraka. Maji yanazuia kuungua na chumvi inasaidia kuvuta uchafu. Vipande vikishanywea, tunachuja kwa kitambaa, tunaacha yagande usiku kucha. Asubuhi mkate wa mafuta unatolewa, unapinduliwa, na lile tabaka la kijivu linakwanguliwa kwa kisu mpaka pawe peupe. Kisha unarudi motoni na maji mapya. Mara ya mwisho unayeyushwa peke yake, polepole, mpaka mchemko ukome na sauti ya maji isisikike tena. Hapo ndipo unapopimwa. Anayeruka hatua hii ya mwisho anaturudisha kwenye ile ndoo.

Mchanganyiko wetu umebaki ule ule: gramu 700 za ng'ombe na 300 za nazi. Ng'ombe anatoa ugumu na povu zito linalokaa, nazi inatoa povu la haraka. Nazi ikizidi sana hukausha ngozi. Kostiki yake ni gramu 145, kwa kuwa nazi huhitaji kostiki zaidi kuliko ng'ombe, maji 290, na kostiki ndiyo inayomiminwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye kostiki. Wanaolalamika kwamba mchanganyiko unashika kabla ya wakati wanachanganya vitu vikiwa vimepoa mno. Mafuta ya ng'ombe huanza kuganda yanaposhuka kwenye nyuzi arobaini na kitu, ukadhani sabuni imekwisha kuwa nzito kama uji, kumbe ni mafuta tu yamelala. Ukimimina hapo, hutengana kwenye kalibu. Anzeni kwenye nyuzi 45 hadi 50. Na miche ikae wiki 4 hadi 6 rafuni. Nimeona mche wenye wiki moja ukiuzwa kwa jina la chama, na mhusika anajijua.

Sasa suala linaloniumiza. Siku ya kugawana mafuta meupe, jiko hujaa hadi mlangoni. Siku ya kukata, kuchuja na kukwangua, tunabaki wale wale wachache, na aghalabu mimi ndiye ninayefunga mlango. Orodha ya zamu imebandikwa ukutani mwaka mzima. Wapo ambao majina yao hayajawahi kuwekewa alama hata moja, lakini kwenye kundi la ujumbe ndio wa kwanza kuuliza kwa nini Kamati haikushauriana nao. Vikao viliitishwa. Viti vilipangwa. Mtu asiyekuja kikaoni anashauriwa vipi?

Ada hali kadhalika. Mweka Hazina atasoma hesabu zake. Mimi niseme tu kwamba zaidi ya nusu yetu tuna malimbikizo, na baadhi ya malimbikizo ni ya tangu mwaka juzi. Shahamu, kostiki, gesi ya kupikia na mizani vimenunuliwa kwa michango ya wachache, na mara kadhaa nimetanguliza fedha zangu ili kazi isisimame. Sisemi hili kudai shukrani. Nasema kwa sababu wanaosema kuyeyusha wenyewe kunafilisi chama ndio hao hao ambao risiti zao za ada hazipo kwenye faili.

Kwa mwaka ujao, Kamati inatarajia kupata friji ya kugandishia ili shahamu isiharibike tukiipata nyingi kwa mpigo, na kinu cha kusaga kitakachowapunguzia kazi wenye zamu. Tunatumaini pia kuandaa mafunzo ya kuandika lebo, na Mungu akijalia, kupata muuza nyama mmoja wa kudumu kwa makubaliano ya maandishi. Tarehe zitatangazwa. Uamuzi wa shahamu mbichi utapigiwa kura tena leo, kama wanachama kadhaa walivyoomba kwa barua, na nitauheshimu utakavyokuwa. Ila ndoo ile nimeihifadhi, iko nje hapo mlangoni, na naomba kila mmoja aipindue kabla hajapiga kura.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti