Manyoya ya ngozi hayatolewi kwa wembe

Mhariri, asalaam aleikum. Mie ni fundi makubadhi hapa Wete, naomba nafasi kidogo kabla Mfunguo Tatu, mwezi wa Iddi ya kuchinja, haijatufikia, maana kila Iddi ngozi zinafukiwa mashimoni mpaka roho inaniuma na ukiuliza unaambiwa ngozi ina kazi bwana, manyoya hayatoki.

Yanatoka, ila siyo kwa wembe. Mwaka jana vijana wa mtaani waliniletea ngozi 6 za mbuzi wamezinyoa zikang'aa kabisa, nikazitia kwenye maji ya magome ya miti, ndo dawa yetu ya kuifanya ngozi isioze, na baada ya wiki 2 nikakata moja, katikati nyeupe vile vile, dawa haijaingia, na juu kumejaa vidoti vyeusi na mikato ya wembe. Zote 6 zikaenda na maji na wale watoto walishahesabu pesa zao.

Wembe unakata unywele juu tu, mzizi unabaki ndani. Inatakiwa chokaa, hii hii ya mawe inayochomwa tanurini, lakini iliyokwisha kuzimwa, siyo mbichi, mbichi ikikutana na maji inachemka na kuunguza. Koroga kwenye pipa la plastiki (siyo la bati) iwe kama maziwa, vaa glavu, ngozi ioshe damu itoke halafu izamishe yote na uigeuze kila siku. Chokaa inakula ule mzizi laini wa unywele na hapo hapo inaivimbisha ngozi inafunguka ndani, ndo maana baadae magome yanapenya hadi katikati, kwahiyo anayeiruka chokaa hajaokoa siku hata moja. Kwa joto letu mbuzi siku 3 mpaka 5, ng'ombe wiki na zaidi. Jaribu shingoni, pale ndo panachelewa, ukivuta yakaja bila ubishi itandike juu ya gogo uipare kama samaki, kwa kisu butu. Kisha suuza, suuza tena, mwisho maji yenye siki au ndimu mpaka ule utelezi uishe.

Wapo wanaoivundika kwenye mfuko kama ndizi ioze kidogo manyoya yaachie, yanaachia kweli lakini uso wa ngozi nao unaondoka.

Na hii salfaidi, kemikali ya kutolea manyoya inayosifiwa siku hizi kwamba inamaliza haraka, jamani, ikikutana na siki au ndimu inatoa gesi inayoua, na siki na ndimu ndo hizo tunazotolea chokaa. Kwenye nyumba yenye watoto sitaki hata kuisikia.

Nakuombeni tu muwaambie wachinjaji wetu, kuanzia Konde mpaka Mkoani, wakati wa kuchuna wasiitoboe ngozi kwa kisu na waipake chumvi saa ile ile, isianikwe juani. Manyoya tutayatoa sisi.

Fundi makubadhi, Wete, Pemba