Kwa Zawadi, kuhusu nadharia ulizozicheka

Mpendwa Zawadi,

Salamu nyingi sana, na poleni na zamu za usiku. Barua yako niliisoma nikacheka peke yangu, hasa pale ulipouliza kama kweli mtu anahitaji miaka yote hii chuoni ili akamfundishe mgonjwa kushika kijiko. Wewe ni muuguzi, unatuona tukipita wodini na mipira yetu ya kuminya, kwa hiyo swali lako ni la haki. Muhula huu tumekuwa na nadharia za tiba kwa vitendo, yaani kumsaidia mgonjwa afanye tena shughuli zake za kila siku, asubuhi hadi jioni, basi ngoja nikujibu.

Tuanze na shati. Mtu amepata kiharusi, mkono wa kushoto umelegea. Anakaa mahali imara, shati analitandaza mapajani, anaanza na mkono uliolegea: anauingiza, anavuta nguo ipite kiwiko hadi begani, ndipo anaizungusha mgongoni na kuingiza mkono wenye nguvu. Kuvua ni kinyume chake, mkono wenye nguvu unatangulia. Haya unayajua, na mgonjwa huyashika upesi. Sasa niambie: wagonjwa wawili, udhaifu uleule, mafunzo yaleyale, kwa nini mmoja akifika nyumbani anavaa mwenyewe na mwenzake anangoja kuvalishwa? Hapo ukipima misuli hupati kitu.

Gary Kielhofner wa Marekani na wenzake walitoa modeli yao, yaani mfumo wa kumwelewa mtu na shughuli zake, mwaka 1980, nami bado sijaona inayolijibu swali hilo vizuri zaidi. Wanatazama utashi, yaani mtu anathamini nini, anafurahia nini na anajionaje kama ataweza. Kisha mazoea na majukumu yake. Kisha uwezo wa mwili na akili. Na yote hayo ndani ya mazingira anayoishi. Yule anayengoja huenda amekata tamaa. Huenda alizoea kuvaa ili aende kazini, na sasa hana pa kwenda. Au mkewe anamwonea huruma, anamvalisha kabla hajanyoosha mkono. Kila sababu ina tiba yake, na hakuna hata moja inayotibika kwa kuminya mpira.

Ulipouliza haya yanahusiana vipi na afya, ulinigusa, maana ndiyo sehemu ninayoipenda. Wazo kwamba shughuli za mtu zinagusa afya yake si geni. Chama cha kwanza cha taaluma hii kiliundwa Marekani mwaka 1917, na miaka mitano baadaye daktari wa akili Adolf Meyer aliandika kwamba mtu huwa mzima akiwa na uwiano wa kazi, mchezo, mapumziko na usingizi. Mary Reilly, katika mhadhara wake wa 1961, alikwenda mbali zaidi: mikono ya mtu, ikiongozwa na akili na utashi wake, inaweza kubadili hali ya afya yake mwenyewe. Kisha akaja Ann Wilcock wa Australia, aliyelitoa suala hili hospitalini na kulipeleka kwenye afya ya jamii. Kwake yeye shughuli ni hitaji la binadamu, na anayenyimwa, awe mfungwa, mkimbizi au mtu asiye na ajira, anaweza kuugua hata kama hana jeraha. Hata Shirika la Afya Duniani, katika mfumo wake wa kuainisha afya na ulemavu wa mwaka 2001, halitazami mwili peke yake. Linaweka pamoja shughuli, ushiriki na mazingira. Madaktari wengi wanaufahamu mfumo huo, kwa hiyo ukitaka kubishana nao, anzia hapo.

Lakini usidhani nakubali kila kitu. Nyingi ya modeli hizi zinaona kujitegemea kama kilele cha yote. Michael Iwama na wenzake wa Japani waliliona hilo, wakaja na modeli ya Kawa, inayochora maisha kama mto: mawe ni matatizo, kingo na sakafu ni mazingira, magogo yanayoelea ni mali na tabia za mtu, na kazi yetu ni kutafuta upenyo ambao maji bado yanapita, tuupanue. Kumchorea mgonjwa mto kunachosha, nakiri. Ila imenifanya nimtazame upya yule anayevalishwa. Pengine hana shida ya utashi hata kidogo. Pengine ameamua nguvu zake chache azitumie kwa kitu kingine, na kuvalishwa na mkewe hakumpunguzii heshima. Utajuaje bila kumuuliza?

Sasa nina ombi. Nichagulie mgonjwa mmoja aliyelazwa muda mrefu, bila jina wala chochote cha kumtambulisha, uniandikie siku yake saa kwa saa: anaamka, anaoshwa, anapewa dawa, halafu? Nataka kuona ni saa ngapi kati ya hizo anafanya jambo alilolichagua mwenyewe. Nitaitumia kwenye kazi ya darasa, na matokeo nitakuletea hata kama yatawaudhi wakubwa wako.

Wasalimie wote.

Wako,
Rehema