Wifi yangu wa Ujiji, hilo donge likapimwe

Wifi yangu mpendwa,

Hamjambo huko, na watoto? Nakuandikia hadharani maana najua hapo Kigoma wapo wengi wenye maneno kama yako. Jina lako silitaji.

Nilipokuja kumwona mtoto, ulikuwa umekaa mkekani unachambua dagaa kwa mkono mmoja, wa pili unakanda donge kwenye titi la kushoto kwa kitambaa cha maji ya moto. Ukasema maziwa yameganda. Nilipotaja kansa ukacheka: "Mimi wa watoto sita, wote nimewanyonyesha, kansa inanipatia wapi?"

Wifi, maneno hayo yana ukweli ndani yake, ndiyo maana yananitisha. Tangu mwaka 1713 daktari Ramazzini wa Italia aliandika kwamba kansa ya matiti inawasumbua sana masista, ambao hawazai wala kunyonyesha. Mwaka 2002 watafiti walijumlisha tafiti 47 za nchi 30, wakaona kila mtoto unayemzaa anapunguza hatari kwa asilimia 7, na kila miezi 12 ya kunyonyesha inapunguza asilimia 4.3 zaidi. Aliyeanza kuzaa mapema naye anapata nafuu kuliko aliyeanza baada ya miaka 35. Lakini kupungua si kuisha, wifi yangu! Wenye watoto wengi nao wanaugua.

Kuna jambo jingine ambalo kliniki ya wajawazito sijawahi kusikia likitajwa. Ukishajifungua, hatari hupanda kwanza. Utafiti wa 2019, uliofuatilia wanawake karibu laki tisa, ulionyesha inafika juu kabisa miaka mitano hivi baada ya uzazi, na faida ya kuzaa huja kuonekana baada ya miaka zaidi ya ishirini. Ni kweli kwamba katika umri wako wanaougua ni wachache. Ila wewe mwanao bado yuko mgongoni. Ile kinga unayoitegemea hujaifikia.

Maziwa yakiganda, au titi likipata jipu, kwa kawaida unasikia joto, maumivu, pengine homa, na ukitibiwa linapoa. Donge lako haliumi, na halijaondoka. Donge la namna hiyo halikandwi, linapimwa.

Na wanaomnong'oneza mdogo wako kwamba mimba yake iliyotoka itamletea kansa, wamwache. Tafiti 53 zilijumlishwa mwaka 2004, uhusiano huo haukuonekana. Msiba wake unamtosha.

Kaka nimeshaongea naye, atakusindikiza hospitali ya Maweni wiki hii. Omba ultrasaundi ya titi. Wakiona haja ya kuchukua kinyama kidogo wakakipime, kubali, na usiondoke bila kujua majibu yanatoka lini. Usiwaambie "ni maziwa tu". Waambie lilianza lini na kama limekua. Kama kwenu kuna mama au shangazi aliyewahi kuugua titi, litaje hilo pia. Mtoto nenda naye, vipimo hivyo havimzuii kunyonya.

Wifi yako akupendaye